Dola Itoke, Sawa. Lakini Deni Langu Litahesabiwa kwa Feza Gani?



Jumamosi iliyopita tulikaa zaidi ya saa tatu tukijadiliana juu ya swali moja tu: Kongo iache dola, ao iendelee nayo? Mimi nilikaa nyuma karibu na dirisha, nikaandika karibu kila kitu kwenye daftari, wala sikuomba neno. Wengi waliniuliza nyuma ya mkutano juu ya nini nilinyamaza. Nilinyamaza juu nilikuwa na hasira, na wazee wetu walitufundisha kwamba hasira ni hasara. Leo nimepoa, basi naandika.

Haya ni maneno ya kukosoa mjadala ule, si kukosoa mtu. Sitataja jina la yeyote. Waliosema ni rafiki zangu, na wengine wamesoma uchumi kunipita mbali. Mimi ni lisansie wa agronomia, ninajua udongo, maharagi na mihogo. Lakini mkulima naye anashika feza, tena anaishika kwa shida kuliko wengi wetu.

Mnakumbuka vile mkutano uliisha. Komite ilileta mambo mawili. La kwanza, tamko ambalo sisi wenye diplome tungetia sahihi, kuomba Leta ipige dola marufuku. Hilo tulilijadili saa tatu kasoro dakika kumi. La pili, kama mikopo ya sanduku letu iendelee kuhesabiwa kwa dola ao ihamie kwenye franka. Hilo tulilipa dakika kumi, watu wamekwisha kusimama, wengine wakitafuta moto ya kurudi Bagira mbele ya giza. Kosa la mjadala wetu liko pale. Tulikuwa na nguvu nyingi juu ya jambo ambalo hatuna uwezo nalo, na tukakosa dakika kwa lile lililo mikononi mwetu.

KAMBI MBILI, UGONJWA MMOJA

Kambi ya kwanza, nitaiita wa-franka, ilisema hivi: feza ni bendera. Nchi yenye kununua nyumba yake kwa sura ya marais wa Marekani si nchi kamili. Makofi yalipigwa sana.

Kambi ya pili, wa-dola, ilijibu: franka ni karatasi. Wakati noti ya 20,000 ilitoka, mwaka 2012, ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 20. Katikati ya mwaka 2025 ilikuwa karibu dola 7. Nani mwenye akili ataweka akiba yake humo? Hapo pia makofi, na zaidi kicheko.

Mimi nasema kambi zote mbili ziliugua ugonjwa mmoja. Zilihesabu feza kama jambo la moyo: kupenda nchi ao kudharau nchi. Lakini tazama mama mwenye kuuza lengalenga kule Kadutu. Yeye hana kambi. Asubuhi anapokea franka, jioni akiwa na za kutosha anatafuta dola ya kuficha, kesho yake anaivunja tena apate kununua bidhaa. Anapenda nchi yake. Lakini ana hesabu, na hesabu ile ameirithi. Kama hatuijui hesabu ile imetoka wapi, tamko letu litakuwa matusi kwa mama zetu.

Na tusidanganyane kwamba dola ni feza isiyo na kasoro. Wote hapa tumewahi kurudishiwa noti ya dola juu ya alama ndogo ya kalamu. "Hii iko na kitobo, sikamate." Dola moja-moja, watu wengi hawataki hata kuiona. Noti za zamani zenye kichwa kidogo, hivyohivyo. Franka, kinyume chake, unaipokea imeshonwa kwa skotchi, imekuwa nyeusi kama kitambaa cha kupangusa gari, na hakuna anayegomba. Feza tunayoiita ya nguvu tunaikataa kwa kitobo. Ile tunayoiita karatasi tunaipokea imepasuka mara mbili. Juu ya nini? Juu franka ndiyo inatufanya tule kila siku. Sombe, makala, ndagala, moto: franka. Nyumba, minervali, kiwanja, simu, mbolea: dola. Tumezigawanyia kazi: moja ya kuishi leo, nyingine ya kungojea kesho. Mtu anayeniambia dola itoke, namuuliza: kesho tutaiweka wapi?

HESABU YA BIBI YANGU

Baba yangu alinisimulia jambo ambalo yeye mwenyewe aliliona akiwa kijana, kule kijijini. Bibi yangu alikuwa anauza kasiksi. Hakuwa na banki. Banki ilikuwa mjini, na mji ulikuwa mbali kwa miguu. Alikuwa na chungu. Ndani ya chungu, noti za zaire 5 na zaire 10, ambazo wakati ule zilikuwa noti kubwa za nchi.

Siku kuu ya Noeli ya mwaka 1979, utawala wa Mobutu ulitangaza kwamba noti za 5 na za 10 hazina thamani tena. Watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha, na kwa kiasi chenye mpaka. Mwenye kuwa mjini, mwenye kujuana na mtu wa banki, aliokoa kitu. Bibi alipata habari wakati mlango ulikwisha kufungwa. Baba anasema hakulia. Alizitoa kwenye chungu, akazihesabu mara ya mwisho, akazirudisha. Zilikaa mule miaka mingi, hakuna aliyethubutu kuzitupa.

Mtoto wa bibi yule akipata dola 20 leo akaificha, mnamwita mtu asiyependa nchi?

Na zaire yenyewe, wakati ilizaliwa mwaka 1967, moja ilikuwa na thamani ya dola mbili. Wengi wetu hatukufundishwa hivyo shuleni. Feza ya Kongo iliwahi kuwa juu ya dola. Ilianguka si juu Wakongomani waliidharau. Waliidharau juu ilikuwa inaanguka. Wa-franka walipindua sababu na matokeo, na hakuna aliyewasahihisha.

DENI LILIKUJA MBELE, DOLA NYUMA

Jambo jingine: saa tatu nzima tulisema dola, dola, dola, na neno "deni" nililiandika kwenye daftari langu mara mbili tu. Lakini kwa historia ya nchi hii, huwezi kueleza dola bila kueleza deni.

Mwanzo wa miaka ya 1970 shaba ilikuwa na bei nzuri, na wakopeshaji wa nje walikuwa wanapigana kwa kumkopesha Mobutu. Zilijengwa Inga, laini ndefu ya umeme mpaka Shaba, kiwanda cha chuma cha Maluku. Novemba 1973 ikaja zairianisation: biashara za wageni zikapewa watu wa karibu na utawala, nyingi zikafa. Kisha bei ya shaba ikaanguka. Mwaka 1976 Zaire ilikuwa tayari mbele ya Klabu ya Paris kuomba madeni yapangwe upya, na ilirudi huko tena na tena. Mwaka 1978 FMI ilimtuma Mjerumani mmoja, Erwin Blumenthal, akae ndani ya Banki Kuu kule Kinshasa aangalie feza zinatoka vipi. Aliondoka, na mwaka 1982 akaandika ripoti yenye kusema wazi kwamba wakopeshaji wasitumainie kulipwa, juu wizi umeketi kileleni.

Leta yenye deni kubwa, isiyo na kodi ya kutosha, na yenye mashine ya kuchapisha noti, inafanya nini? Inachapisha. Hapo ndipo zaire ilikufa na dola ikaingia nyumbani mwetu kupitia mlango wa nyuma. Mwaka 1994 bei zilipanda zaidi ya 9,000 kwa mia kwa mwaka mmoja. Madeni yale ya nje yalikuja kupunguzwa Julai 2010, wakati Kongo ilifika mwisho wa ule mpango wa nchi maskini zenye madeni mazito: zaidi ya dola bilioni 12 zilifutwa. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Deni lilifutwa kwenye vitabu vya Washington na Paris. Ndani ya chungu cha bibi hakuna kilichorudi.

Basi dola haikuja kutuvamia. Tuliikimbilia, kama mtu anavyokimbilia chini ya bati ya jirani mvua ikimkuta njiani. Bati ya jirani si nyumba yako, kweli. Lakini mwenye kukufukuza pale na mvua bado inanyesha, anakupenda kweli?

TAMKO LETU LILIKWISHA KUJARIBIWA

Tamko la komite linaomba sheria ya kupiga dola marufuku. Nilishangaa kwamba hakuna mtu, hata kati ya wa-dola, aliyekumbusha kwamba sheria hiyo iliwahi kuwako. Januari 1999, Laurent-Désiré Kabila alitia sahihi dekreti yenye kukataza watu kulipana kwa feza za kigeni. Maneno yake yalifanana na yetu ya Jumamosi: heshima ya taifa, feza ya taifa. Franka congolais ilikuwa changa, ilizaliwa tarehe 30 Juni 1998.

Ikawa nini? Dola zilijificha. Kufika mwisho, kwenye karatasi za serikali dola moja ilikuwa franka 50, lakini sokoni ilikuwa inauzwa mara nyingi zaidi ya hapo. Mwenye ruhusa ya kununua dola kwa bei ya serikali alitajirika akiwa amekaa. Mwenye duka alikosa dola ya kuagiza, kule Kinshasa petroli ikawa ya kutafutwa. Mwanzo wa 2001 Joseph Kabila akaondoa katazo, na Mei 2001 bei ya serikali ikatoka 50 mpaka karibu 315 kwa siku moja. Ile 50 ilikuwa uongo, na uongo ule ulilipwa na wenye mishahara ya franka.

Na huku kwetu? Bukavu ilikuwa mikononi mwa RCD tangu Agosti 1998. Dekreti ya Kinshasa haikuvuka msitu. Hili ndilo nililotaka mliwazie mbele ya kutia sahihi: sisi, watu wa Bukavu, tunaomba katazo kutoka kwa Leta ambayo leo pia haishiki muji wetu. Tangu M23 iingie hapa Februari 2025, banki zimefunga milango. Hakuna gishe ya kuchukulia mshahara, noti mpya haziji, zile zilizoko zinachakaa mikononi mwetu. Kuandika leo kutoka Bukavu kwamba "raia watumie franka tu" ni kumwambia mtu avae shati ambalo hakuna aliyemletea.

KASAI WALIACHA FEZA, LAKINI VIPI?

Mmoja wetu alisema jambo zuri kuliko yote ya Jumamosi, bahati mbaya alikatizwa. Alisema: "Kuna jimbo lilikataaka feza, likapona." Alikuwa anasema Kasai. Namalizia neno lake.

Oktoba 1993 serikali ya Faustin Birindwa, mtu wa huku kwetu Kivu, ilileta zaire mpya. Moja mpya kwa milioni tatu za zamani. Kasai mbili zilikataa. Kulikuwa na sababu za kisiasa: Étienne Tshisekedi, mtu wao, alikuwa ameondolewa, na mwanzoni mwa mwaka uleule yeye ndiye aliyekataza noti ya zaire milioni 5 ambayo Mobutu aliwalipia askari; maduka yalipoikataa, askari wakapora Kinshasa. Lakini kulikuwa na sababu ya hesabu pia. Watu wa Kasai walibaki na zaire ya zamani, ambayo hakuna mtu alikuwa anaichapisha tena. Noti zilezile, zimechoka, lakini hazizidi.

Sasa chukueni simu mpige hesabu pamoja nami. Mwaka 1993: zaire mpya 1 = za zamani 3,000,000. Mwaka 1998, franka ilipozaliwa, ilibadilishwa hivi: franka 1 kwa zaire mpya 100,000, ao kwa zaire za zamani 14,000,000. Gawanya. Zaire mpya moja ilikuwa imebaki sawa na za zamani 140. Kutoka milioni tatu mpaka 140, kwa miaka isiyofika mitano. Karatasi iliyofutwa na Leta iliishinda karatasi ya Leta zaidi ya mara elfu ishirini.

Wa-franka na wa-dola wote wangeweza kuiba mfano huu. Wa-dola wangesema: mnaona, watu wanajua kukimbia. Wa-franka: mnaona, karatasi ya Kikongomani inaweza kusimama bila Marekani. Mimi naona jambo moja rahisi. Ile noti ya Kasai haikuwa na dhahabu nyuma yake, wala jeshi. Ilikuwa na ahadi moja tu, ambayo hakuna aliyeweza kuivunja: hatutaongeza nyingine. Feza ni ahadi. Ikitimizwa, hata karatasi chakavu inapokelewa. Ikivunjwa, hata noti mpya yenye harufu ya mashine itakataliwa.

UGIRIKI HAIKUTUSAIDIA

Mwingine alileta Ugiriki, na pale nilitikisa kichwa. Alisema Wagiriki "walithubutu." Mambo hayakwenda hivyo. Mwaka 2015 Ugiriki ilikuwa imezama katika deni, na feza yake ilikuwa ya wote, euro. Mwisho wa Juni banki zilifungwa, mtu alikuwa anaruhusiwa euro 60 kwa siku kwenye mashine. Tarehe 5 Julai raia walipiga kura, zaidi ya 61 kwa mia wakasema hapana kwa masharti ya wakopeshaji. Siku chache nyuma ya kura serikali yao ilikubali masharti, na euro ikabaki.

Juu ya nini hawakutoka? Juu deni lao liliandikwa kwa euro. Kama wangerudi kwenye drakma, drakma ingeanguka, lakini deni lingebaki euro. Kila mwezi lingehitaji drakma nyingi zaidi. Kuacha feza si kuacha deni.

Andikeni hiyo sentensi kwenye daftari zenu, juu inanirudisha kwenye dakika kumi za mwisho za Jumamosi.

SANDUKU LETU

Nilikopa kwenye sanduku letu dola 200, mwanzoni mwa 2023. Kodi ya shamba kule Kabare, mbegu za maharagi na mahindi, kibarua wa kulima. Siku ile dola ilikuwa karibu franka 2,050. Kwa hiyo nilipokea kazi ya franka 410,000. Nililima. Mvua haikuwa mbaya, maharagi yalitoka. Niliuza kwa franka, juu hakuna mama sokoni ananunua maharagi kwa dola. Mwisho wa mwaka, siku ya kulipa, dola ilikuwa imepita 2,600. Dola zangu 200 zilikuwa franka 520,000, mbele ya kuhesabu riba. Tofauti ni 110,000. Kwa bei niliyouzia, ni kilo 55 za maharagi ambazo sikuzila, sikuziuza kwa faida yangu, wala shamba langu halikukosea kitu. Zilikwenda wapi? Kwenye tofauti ya bei ya dola tu.

Mimi nililipa, juu sina mtoto na nilikula kwa mama. Lakini mnajua wale wawili ambao hawaji tena kwenye mikutano. Mmoja ni mwalimu, mshahara wake ni franka, akipata. Mwingine ni dada aliyeanza kufuga kuku. Wote walikopa kwa dola kama mimi. Jumamosi mtu fulani aliwataja kwa mzaha, "wale wakimbizi wa deni," na tukacheka. Mimi pia nilitabasamu. Nyuma yake ndiyo hasira ilikuja, na kwanza ilikuwa hasira juu yangu mwenyewe. Hawakukimbia deni. Walikopa feza moja na wanaidaiwa nyingine, na sisi wenye diplome, tena wenye kutaka kuifundisha Leta uchumi, hatukuona.

Mtasema: basi wa-franka wako sawa, tuhamie franka. Ngojeni. Mwaka 2025, Septemba na Oktoba, jambo liligeuka. Banki Kuu iliuza dola sokoni, franka zikabanwa, na kwa wiki chache dola ilishuka kutoka karibu 2,850. Mama yangu alikuwa ameficha dola 150 ambazo kaka yangu alimtumia. Kambisti wa Nyawera alimpa 2,300. Kwa bei ya zamani zingekuwa franka 427,500. Alirudi na 345,000. Alipita sokoni kununua mafuta.

"Mama, dola imeshuka, juu ya nini mafuta ingali bei ileile?"

"Mama, mimi nilinunuaka na dola ya kale. Na kesho ikipanda tena, ni wewe utanilipa?"

Jumamosi wengi walisema wauzaji ni waongo, wanakula watu. Wako wenye kula watu, sikatai. Lakini jibu la yule mama ndilo jibu la bibi yangu na chungu chake. Yeye hakuuliza dola ni ngapi leo. Aliuliza: itakaa? Bei zinashuka wakati watu wanaamini kwamba franka itasimama, na kuamini hakuletwi na wiki sita. Kunaletwa na miaka. Yule mama ana kumbukumbu ya miaka arobaini na zaidi; Banki Kuu ilimpa wiki sita.

Kwa hiyo ukikopesha kwa dola, dola ikipanda anaumia mkopaji. Ukikopesha kwa franka, franka ikianguka linaumia sanduku, ni kusema akiba ya mama zetu na dada zetu walioweka pale. Hakuna feza isiyoumiza mtu. Mjadala wa kweli ni huu: tofauti ikija, nani ataibeba? Mpaka leo sisi tumejibu bila kusema: aibebe mwenye kukopa, peke yake. Ni jibu lilelile la 1979: aibebe mwenye kuwa mbali na mji.

NINACHOOMBA

Komite itakutana tena mwisho wa mwezi. Naomba mambo matatu.

Kwanza, tamko tuliache. Si juu dola ni nzuri. Kila noti ya dola iliyolala chini ya godoro Bukavu ni mkopo tunaoipa Marekani bila riba, na hilo linaniuma kama linavyowauma. Mimi pia natamani siku ambayo mkulima wa Walungu atauza, ataweka akiba, atalipa minervali, vyote kwa franka, na kulala usingizi. Lakini dola itatoka siku haitahitajiwa. Ikitolewa kwa nguvu, itarudi usiku.

Pili, kila mkopo uandikwe kwa feza ambayo mkopaji anapata kazini mwake. Mwalimu, franka. Mkulima, franka. Anayefanya kazi na shirika lenye kulipa dola, dola. Na bei ya dola ya siku ya kukopa iandikwe kwenye daftari, ionekane.

Tatu, tofauti igawanywe. Dola ikipanda kati ya siku ya kukopa na siku ya kulipa, mkopaji abebe nusu, sanduku libebe nusu. Ikishuka, faida pia igawanywe nusu kwa nusu. Katika mfano wangu, ile 110,000 ingekuwa 55,000 kwangu na 55,000 kwa sanduku. Sanduku lingeumia, ndiyo. Lakini lingekuwa bado na watu wawili zaidi ndani ya mkutano, na watu ndio wanaojaza sanduku. Na kwa wale wawili, tupige hesabu hii kuanzia siku waliyokopa, halafu twende nyumbani kwao tuwaambie wenyewe. Si kwa simu.

Najua wa-franka watasema nimekuwa mwoga, na wa-dola watasema sanduku letu si kanisa. Wote waje na daftari. Mwenye hesabu bora kuliko yangu nitaifuata, sitakuwa na haya.

Lakini safari hii jambo la sanduku lije la kwanza, wakati watu bado wameketi.